Maswali ya wasomaji: Vibati vya shafti ya nyuma, niongeze au nipunguze?

SWALI: Jambo, mafundi wetu. Tuna trakta ya zamani, Ford 8N, shambani upande wa barabara ya Kasenga. Oili ilikuwa inavuja hadi ndani ya tamburi ya freni, nikafungua nyuma na kubadilisha garnitire (bitana za freni) na sili (pete za kuzuia oili) pande zote mbili. Kati ya sahani ya freni na ganda la ekseli kulikuwa na vibati vyembamba. Vingine viliraruka, nikafunga bila hivyo. Sasa magurudumu yanazunguka kwa shida, na baada ya saa moja ya kulima habu (kitovu cha gurudumu) haishikiki kwa moto. Nifanye nini? – Msomaji, Kampemba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yetu, simamisha trakta leo, usisubiri mvua ziishe. Ulipoacha vibati, rulmani (beringi) zimebanwa kupita kiasi. Kwenye 8N (ilitengenezwa 1947 hadi 1952) kikombe cha rulmani (pete yake ya nje) kinasukumwa ndani na sahani ya freni unayoifunga kwa bolti. Kwa hiyo kuongeza vibati ni kulegeza, kupunguza ni kukaza. Wengi hudhani kinyume.

Jambo la pili, ambalo ndilo linalowasumbua mafundi: shafti ya kushoto na ya kulia zinagusana vichwa katikati ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma). Kila upande una rulmani moja tu ya konasi (yenye umbo la pia), na upande mmoja unaegemea mwingine. Ukikaza kulia, umekaza na kushoto. Usipime upande mmoja peke yake.

Inua nyuma yote, weka stendi imara chini ya maganda ya ekseli, si matofali. Piga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na fremu, maana ekseli hiyo inayumba. Gia iwe huru. Ondoa garnitire zote kwanza: freni inayogusa kidogo tu itakudanganya kwamba rulmani imebana. Angalia rulmani zenyewe pia. Zikiwa na rangi ya buluu au ngozi iliyobanduka, hakuna kibati kitakachoziponya, nunua mpya pamoja na vikombe vyake.

Safisha nyuso mpaka chuma king'ae. Pima vibati kwa mikromita na uandike kila upande. Gasketi ya karatasi nayo ina unene, ihesabu. Ukipaka silikoni nyingi juu yake, hesabu yako yote imeharibika.

Anza na vibati vingi kuliko unavyohitaji, karibu sawa pande zote mbili, ili vichwa vya shafti vikutane katikati. Kaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, huku mwenzako akizungusha shafti ili roli zikae mahali pake. Ukikaza bila kuzungusha, roli hukaa upande, na kipimo utakachosoma ni cha uongo. Kisha weka komparatere (saa ya kupimia mwendo mdogo) kwenye ncha ya nje ya shafti, sukuma, vuta, usome mchezo, yaani umbali ambao shafti inatembea. Tuseme ni milimita 0,35: toa vibati vya jumla ya 0,35, ukivigawanya pande mbili, halafu funga na upime tena.

Mchezo ukishaisha, zungusha shafti moja kwa mkono. Ya pili ikienda kinyume, kwa ulaini, na mchezo hausikiki, uko sawa. Ikifuata upande uleule, vichwa vimebanana na kuvutana: rudisha kibati chembamba, ujaribu tena. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, na sisi tunaliamini sana. Usiache mchezo pia kwa kuogopa moto. Shafti inayocheza hula sili mpya, na oili itarudi kwenye freni.

Nati kubwa ya habu haina kazi katika mkazo wa rulmani za nyuma. Tusiichanganye na ile ya magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo inayorekebisha rulmani zake. Ya nyuma inaivuta habu juu ya meno yenye konasi, na inataka nguvu nyingi: si chini ya nyutoni-mita 610 hivi. Huna spana ya kupimia? Teremsha trakta, funga magurudumu kwa kabari, vika bomba kwenye spana ili mkono ufike mita moja kutoka nati, uwe umelala sawa, kisha mtu wa kilo 62 asimame taratibu kwenye ncha. Ikaze tena baada ya saa chache za kwanza za kazi. Habu iliyolegea husaga meno ya shafti, na shafti ni ghali kuliko yote tuliyoyataja.

SWALI: Garnitire zilizolowa oili, naweza kuziosha kwa petroli na kuzichoma? – Msomaji, Likasi

JIBU: Hapana. Oili imeingia ndani ya nyuzi, joto la kwanza litaitoa tena, na gurudumu moja litashika kuliko lingine. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Na vumbi la zile za zamani usilipulize kwa kompresa: nyingi zilitengenezwa kwa amianti (asbesto), inayoua mapafu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitie kitambaa hicho kwenye mfuko uliofungwa, na watoto wasikae karibu.