Mume wangu alianguka siku ya pili ya kufunga, ni jini au ni pombe?

"Shangazi shikamoo. Mume wangu ni dereva wa tuktuk, tunaishi Kisauni na watoto wawili. Anakunywa kila siku, jioni mnazi mangweni, na akirudi anapitia kwota ya pombe kali dukani. Yeye husema mnazi ni kitu asili hauna shida. Ramadhani ilipokaribia akaapa anaacha, usiku wa vunja jungu akanywa mpaka akabebwa, tangu hapo hakugusa. Siku ya pili ya kufunga, alasiri, akatetemeka akaanguka, macho juu, povu mdomoni. Mama mkwe akasema ni jini, akasomewa. Usiku huo huo akatoka akaenda kunywa, akatulia. Sasa Idi imepita, ameahidi tena kuacha kuanzia Jumamosi, na shemeji anasema tumfungie chumbani siku nne. Pia kuna jirani ananiuzia unga wa kutia kwenye chai ili aichukie pombe. Nifanyeje? Sitaki watu wajue. Mama Wawili, Kisauni."

Marahaba mwanangu. Kabla sijaenda popote, hiyo Jumamosi msimfungie. Mwambie shemeji yako Shangazi amekataa, manake mkimfungia siku nne bila daktari mnaweza kufungua mlango mkute maiti, na sisemi hivi kukutisha, nasema kwa sababu dalili ushaziona kwa macho yako, ni vile tu mlizipa jina lingine.

Hebu tuhesabu. Alikunywa usiku wa vunja jungu, akakata, akafunga siku ya kwanza, na siku ya pili alasiri akaanguka. Hata siku mbili kamili hazijafika. Mwendo huu madaktari wanaujua vizuri sana: mtu aliyezoea kunywa kila siku akikata ghafla, kutetemeka na jasho huanza kama saa sita mpaka kumi na mbili baada ya gilasi ya mwisho, kifafa kikija mara nyingi huja kabla ya saa 48 kuisha, alafu kati ya siku ya pili na ya nne ndio kunaweza kuja ile mbaya zaidi, mtu anaona watu ambao hawapo, anagombana na ukuta, mwili wa moto, moyo unakwenda mbio. Hiyo huua. Na ndio siku hizo hizo nne shemeji anataka awe peke yake na kufuli mlangoni!

Sababu yake ni hii. Pombe hupooza ubongo, na ubongo hautaki kupoozwa kila siku, kwa hiyo unajikaza upande wa pili ili mtu aweze kuamka na kufanya kazi. Ni kama watu wawili wanasukumana mlangoni, mmoja ndani mmoja nje, miaka, sasa yule wa nje akiondoka ghafla wa ndani anaanguka kifudifudi. Pombe imetoka, ubongo bado unasukuma kwa nguvu zote, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, na ikizidi ndio kifafa. Na kufunga kulizidisha, manake kutwa hana maji, na ini lililochoshwa na pombe halitengenezi sukari ya mwili inavyotakiwa, sukari inashuka, na sukari ikishuka sana nayo pekee yake inaangusha mtu.

Ndio maana alipoenda kunywa akatulia. Najua mama mkwe atakwambia kuna majini wanaodai pombe, hayo na mimi nimeyasikia tangu utotoni, sitaki kugombana na mtu mzima. Kisomo wafanye. Lakini kwanza apite hospitali, kisomo hakikatazi sindano.

Sasa hili la mnazi ni kitu asili. Mwanangu, sumu ya nyoka pia ni asili. Mgema akishusha asubuhi ni mtamu, lakini unaanza kuchachuka hapo hapo, ikifika jioni pombe iliyomo ni ile ile iliyo kwenye bia, ini halina macho ya kuona hii imetoka mnazini hii imetoka kiwandani. Na huyu haishii kwa mnazi. Ile kwota ya mililita 250 ikiwa ni ya asilimia 40 ina karibu gramu 80 za pombe tupu, yaani sawa na bia nne kubwa za nusu lita, na anaimeza akiwa ashashiba mnazi. Ini la mtu mzima linaondoa kama gramu saba mpaka kumi kwa saa, halisikii kahawa wala ndimu wala kuoga maji baridi. Kwa hiyo kwota pekee inataka saa nane na zaidi. Akimaliza saa tano usiku, saa moja asubuhi anashika usukani wa tuktuk na pombe bado imo kwenye damu, na nyuma amebeba watoto wa watu wanaenda shule. Hilo mimi linanikera kuliko yote uliyoandika.

Kuhusu mwili wake, ini ndilo litakalowadanganya. Ini haliumi. Linaanza kujaa mafuta na mtu yuko sawa anacheka, na hapo akiacha ndani ya wiki chache linaweza kurudi vizuri, hiyo ni habari njema na umwambie. Akiendelea linavimba, alafu linaweka makovu, na makovu yakishakuwa mengi hayarudi tena. Ukiona macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji na miguu imevimba, anatapika damu ama choo cheusi kama lami, hapo hamna cha kungoja Jumamosi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Presha inapanda, kongosho linaweza kuvimba, miguu inakufa ganzi, nguvu za kiume zinapungua (hukuandika, lakini wake wa walevi huwa hawaandiki). Na saratani watu hawaijui hii, tangu mwaka 1988 pombe iko kwenye kundi moja na sigara la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani, ya mdomo, koo, ini, utumbo mpana, na kwa sisi wanawake ya matiti. Akiwa anavuta pia, ya mdomo na koo hatari inazidi maradufu.

Kitu kingine kidogo, kama asubuhi unampa Panadol za kichwa ili aende kazini, punguza hiyo huruma. Dawa hiyo na ini la mnywaji wa kila siku haviendi pamoja.

Unga wa jirani tupa. Kama ni wa uongo umeliwa pesa. Kama ni wa kweli ndio mbaya zaidi, manake kuna dawa halali ya hospitali inayofanya mtu akinywa pombe awe mwekundu, atapike, moyo upige vibaya na presha ianguke, na hiyo hupewa mtu anayejua anaimeza, aliyekubali, na ambaye hajagusa pombe angalau saa kumi na mbili. Wewe ukimtilia kwenye chai kwa siri, akatoka akaenda mangweni, akifia pale ni nani atajibu? Ni wewe.

Cha kufanya ni hiki. Mpaka mkamwone daktari asikate mwenyewe ghafla, najua linasikika vibaya Shangazi kusema asiache leo, lakini kwa mtu aliyeshapata kifafa mara moja ndio usalama. Msingoje Jumamosi, mwende siku ya kazi asubuhi, vukeni daraja la Nyali mwende hospitali kuu ya Makadara, chukua kitambulisho na namba yake ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Daktari umwambie yote bila kupunguza: anakunywa nini, kiasi gani, miaka mingapi, na alianguka saa ngapi baada ya gilasi ya mwisho. Hilo la mwisho ndilo muhimu, uliandike kwenye karatasi usije ukasahau. Kwa kawaida watamlaza ama watampangia dawa za kutuliza ubongo zinazopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na vitamini B1, walevi huikosa sana na ikikosekana huharibu kumbukumbu. Baada ya hapo ndio kazi ya kukaa bila pombe inaanza, hiyo ni ya miezi, na NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi, wana simu ya bure 1192 unaweza kupiga hata wewe peke yako kabla hajakubali.

Akitetemeka tena ama akianguka nyumbani, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, mpeleke emajensi.

Hili la watu wasijue nalielewa, mtaa wetu unaongea. Lakini walishambeba usiku wa vunja jungu, mwanangu, unadhani nani hajui? Aibu imeshapita, kilichobaki ni ugonjwa. Na Ramadhani ijayo kama bado yuko kwenye dawa, mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa akipona, mama mkwe analijua hilo kuliko mimi. Tena huyo mama mkwe usimwache nyumbani, mwombe muende naye, yeye ndiye mwanawe atamsikia akimwambia panda gari. Shemeji abaki na watoto.