Maswali Yenu: Kumfundisha Mhudumu Jinsi ya Kumtunza Mzee

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wanaofundisha wenzao kazini, Moshi na Arusha. Tumezifupisha.

Nasimamia wodi ya magonjwa ya ndani. Nimepewa saa mbili kila wiki, kwa wiki sita, niwafundishe wauguzi na matabibu 12 kuhudumia wazee. Mafunzo niliyowahi kuhudhuria yalikuwa slaidi kutwa nzima, na wodini hakikubadilika kitu. Nianze na nini?
*Muuguzi, Moshi*

Una saa 12. Ukizimaliza kueleza jinsi mwili unavyozeeka, mzee wa kitanda cha tatu atakuwa bado hajasimamishwa tangu alipolazwa. Chagua mambo manne hivi ya kufanywa kwa mikono, na yote yafundishwe wodini, mgonjwa akiwepo na akiwa ameridhia.

La kwanza halihitaji kifaa. Ni swali: wiki mbili kabla hajaugua, alikuwa anafanya nini mwenyewe? Anatembea mpaka wapi, anaoga na kwenda chooni bila kushikwa, anajilisha, anakata majani ya ng'ombe? Jibu liandikwe kwenye faili siku ile ile ya kulazwa. Bila hilo, wodi humkuta mtu amelala ikadhani ndivyo alivyo siku zote. Bibi aliyekuwa akibeba mzigo wa majani nusu mwezi uliopita, leo hawezi hata kukaa kitandani, ana ugonjwa wa kutafutwa. Neno "uzee" lisikubalike kama jibu la kwa nini hali yake imebadilika.

La pili ni presha ya kulala na ya kusimama. Hapa kaeni muda mrefu, kwa sababu kila mtu anaamini anajua kuipima na wengi huikosea. Mzee alale chali dakika 5 kamili. Funga mkanda kwenye mkono mtupu: miezi ya baridi, Juni na Julai, wazee wa Moshi huvaa sweta juu ya sweta, na mkanda hufungwa juu ya yote mawili. Pima, andika. Msaidie asimame, kisha pima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3, mkono wake ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, usining'inie. Muulize kama anaona kizunguzungu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo lipo, hata kama mwenyewe hasikii chochote. Akianza kulegea, mlaze mara moja na uandike kwamba alishindwa kusimama. Hilo nalo ni jibu.

Kosa la kawaida ni kupima mzee akiwa amekaa, tena kupima mara moja tu. Lingine ni kupima vizuri halafu kutochukua hatua yoyote. Mfundishe mhudumu kinachofuata: je, mzee amekauka maji? Dawa zipi zinamshusha? Na kuanzia leo asiinuliwe kwa mkupuo. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, miguu ikigusa sakafu.

Namna ya kufundisha zoezi kama hili ni hii. Lifanye mara moja kwa kasi yako ya kawaida, bila maneno. Lifanye tena ukieleza kila hatua. Mara ya tatu wewe fanya, mwanafunzi ndiye aeleze. Mara ya nne afanye mwenyewe huku akieleza, nawe umtazame hadi mwisho. Wakufunzi wengi huruka ya tatu ili kuokoa muda, na hivyo hawagundui kwamba mtu ameiga mikono bila kuelewa sababu. Kwa watu 12, gawa makundi matatu ya watu wanne. Jipatie wasaidizi wawili, uwafundishe wao kwanza wiki moja kabla.

La tatu ni kuinuka na kutembea. Weka kiti chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, uchore alama mita 3 mbele yake. Ukisema "nenda", anza kuhesabu muda: mzee ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Atumie fimbo yake kama anayo. Ajaribu mara moja kwanza bila kuhesabiwa. Sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kiti cha plastiki kiegemezwe ukutani kwa sababu huteleza, kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino, na kanga iliyoshuka mpaka chini ipandishwe. Mhudumu atembee ubavuni mwake, nyuma kidogo, tayari kumdaka.

La nne, mkoba wa dawa, limo kwenye jibu la mfamasia hapa chini.

Mzee akiletwa amechanganyikiwa, wenzangu huandika "UTI" (maambukizi ya njia ya mkojo) au "usahaulifu wa uzeeni". Nawafundishaje wanafunzi kutofautisha, ilhali wagonjwa wengi hawakusoma na baadhi huzungumza Kimeru au Kimasai tu?
*Tabibu, Arumeru*

Waanze na ndugu aliyemleta: hali hii ilianza lini? Kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya saa au siku chache, kunakopanda na kushuka, leo asubuhi yuko sawa na jioni anaongea na watu wasioonekana, ni dharura. Usahaulifu unaojengeka kwa miezi na miaka ni dimensia. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na mwenye dimensia ndiye anayepatwa na hilo la ghafla kwa urahisi zaidi.

Kisha wapime umakini. Vitabu vingi husema mgonjwa ataje miezi kinyumenyume. Kwetu zoezi hilo lina tundu: watu wengi husema "mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja", na hapo unapima kuhesabu tu. Tumia siku za wiki, kutoka Jumapili kurudi nyuma. Kama lugha ni Kimeru au Kimasai, tafuta mkalimani asiye mjukuu wake. Asipopatikana, mwambie mjukuu mapema: tafsiri neno kwa neno, usimsaidie bibi. Wajukuu husaidia kwa mapenzi, na alama zinapanda bure.

Kabla ya yote hayo, asalimiwe. "Shikamoo", ukae usawa wa macho yake, usubiri marahaba, uangalie kama anasikia. Sikio lililojaa nta limewahi kumfanya mzee mwenye akili timamu aonekane amepotea.

Kwa usahaulifu wa muda mrefu kuna kipimo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kwa kufanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai na wa Nigeria, kisichohitaji mtu ajue kusoma wala kushika kalamu. Mzee huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno, na hupanga njiti za kiberiti kwa kuiga umbo aliloonyeshwa. Alama ni 15. Akipata 7 au chini ya hapo, achunguzwe zaidi. Asipimwe siku aliyochanganyikiwa ghafla, maana atafeli na jina la dimensia litamganda.

Kuhusu UTI: mkojo wa wazee wengi, hasa wanawake, huwa na bakteria bila ugonjwa wowote. Kipimo kikionyesha hivyo hakijaeleza kwa nini mtu amechanganyikiwa. Mwanafunzi aangalie sukari ya kidoleni, oksijeni, joto, malaria, maumivu. Abonyeze tumbo la chini kama kibofu kimejaa. Aulize mara ya mwisho kupata choo kikubwa. Halafu asome dawa moja moja. Ukimpa antibayotiki na kufunga faili, sukari iliyoshuka hadi 2.5 itakupita.

Kati ya dawa zote, nikazanie zipi?
*Mfamasia, Moshi*

Mwambie mzee au ndugu alete dawa zote za nyumbani kwenye mkoba mmoja, pamoja na za miti shamba na zilizonunuliwa duka la dawa bila cheti. Zimwagwe mezani mbele ya wanafunzi.

Tafuteni glibenklamidi, dawa ya kisukari ambayo hushusha sukari kwa muda mrefu, hasa figo zikiwa dhaifu au mzee akiruka mlo. Diklofenaki, inayotoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha ile ile mnayoitibu. Piriton na amitriptilini, zinazochanganya akili, kufunga choo na kuzuia mkojo. Diazepamu, inayoangusha.

Halafu wafundishe mnyororo. Amlodipini, dawa ya presha, imevimbisha miguu. Mtu akadhani ni moyo, akaongeza furosemidi, dawa ya kukojosha. Sasa mzee anaamka mara nne usiku kwenda choo cha nje, gizani, na ameanguka. Hapo kilichohitajika ni kubadilisha dawa ya kwanza. Mwanafunzi akiona dawa ya pili, aulize: hii inatibu ugonjwa, au inatibu dawa ya kwanza?

Chuoni tunawavalisha wanafunzi miwani iliyopakwa mafuta ya mgando, pamba masikioni na maharage viatuni wajisikie wazee. Lina maana? Na nitajuaje kama mafunzo yamefaa?
*Mkufunzi, Arusha*

Lina maana wakipewa kazi ya kufanya. Dakika 20, wasome maelezo ya dozi kwenye pakiti, wajaze fomu, wafuate maelekezo hadi dirisha la wazee. Wakirudi waeleze kitu kimoja cha kubadilishwa pale: maandishi, benchi, mhudumu anayeongea akiwa amegeuza uso. Zoezi likiishia kwenye huruma, wanaanza kuwabeba wazee wanaoweza kutembea.

Kuhusu kupima, mtihani wa maandishi hautakuambia mengi. Chukua mafaili 10 ya wagonjwa wenye miaka 60 na zaidi kabla ya mafunzo, na 10 miezi mitatu baadaye. Hesabu mangapi yana hali ya wiki mbili kabla ya kuugua, presha ya kusimama, na dawa iliyosimamishwa kwa sababu iliyoandikwa. Namba zisipopanda, usirudie somo lile lile. Nenda wodini uangalie kama mashine ya presha inafanya kazi na kama fomu ina nafasi ya kuandika kipimo cha pili.