Manukato ya vanila yamegeuka rangi? Usiyatupe bado

Dada uliyeuliza kama chupa yako ya vanila imeharibika, kwa kuwa uliinunua ikiwa manjano mepesi na sasa imekuwa kama sturungi, tena ukijipuliza inakupiga spiriti kwanza: usiitupe. Nauza manukato hapa Mombasa, na wanaonijia wakinung'unika wengi ni wa vanila.

Rangi haina neno. Kinachonukia mle ni vanilini, na vanilini ikikutana na hewa, mwanga na joto hukolea rangi. Kama ndani mna asumini au maua ya mchungwa, hukolea haraka zaidi kwa sababu hushikana na vilivyomo kwenye harufu za maua hayo. Nina chupa nyeusi tititi ambazo siziuzi kwa bei yoyote.

Harufu ndiyo yenye maneno. Ndimu, chungwa, bergamoti (tunda la jamii ya ndimu na chungwa), hizo ni nyepesi na ndizo zinazokufa mwanzo. Vanilini ni nzito, yabaki. Basi chupa ikizeeka ule uchangamfu wa mwanzo hupotea, spiriti ikakosa cha kuificha, kisha utamu waja peke yake, mzito, unaoelekea sukari guru iliyoungua au tumbaku. Shalimar, manukato ya vanila ya kampuni ya Kifaransa ya Guerlain, yaliyotoka 1925, ikiwa mpya bergamoti ndiyo inayokulaki. Chupa kuukuu hukupeleka kwenye vanila na moshi moja kwa moja. Wako wanaoisaka hiyo kuukuu makusudi, na mimi siwalaumu.

Kwa hivyo usiihukumu pale pale. Puliza kwenye pembe ya leso, nenda kapike, rudi baada ya saa moja unuse. Ukikuta vanila imetulia, huna shida. Ukikuta siki, tapentaini au rangi ya kucha, na imeng'ang'ania, hiyo imekwisha. Na usijipake kumalizia, maana mafuta ya machungwa yaliyoharibiwa na hewa huwasha ngozi. Yale ya mafuta matupu yasiyo na spiriti ni habari nyingine: kama muuzaji ameyazimua kwa mafuta ya kupikia, yatachacha tu, vanila au si vanila.

Adui wetu hapa ni joto. Kaskazi hii ya Januari mpaka Machi, chupa ikikaa dirishani au ndani ya gari huzeeka upesi mno. Bafuni pia sipo. Iache ndani ya boksi lake, chini kabatini, na usiigawe kwenye vichupa vidogo, unaitia hewa bure. Ikishapungua nusu, itumie, usiiwekee Idi.

Lakini hiyo iliyokolea usimpulizie mzee wa nyumbani kwenye kanzu nyeupe. Doa lake la manjano ni kazi kulitoa. Buibui halina taabu, jipulize utakavyo.