PVC si PPR, na maziwa hayaingii mapafuni

Swali: Mimi ni fundi bomba, niko Mbagala. Mabomba ya plastiki ya PPR tunaunga kwa mashine ya moto na hakuna anayedhurika. Kwa nini bomba la plastiki ya PVC nikilipasha kwenye jiko la mkaa ili nitanue mdomo, macho yanawasha na koo linakereketa? Wenzangu wanasema moshi usipokuwa mweusi hauna neno, ninywe maziwa tu.

Jibu: Fundi, mashine yako ya PPR huwekwa nyuzi 260. Kwa zile sekunde chache, polipropilini, yaani plastiki ya PPR, huyeyuka na kushikana, haivunjikivunjiki. PVC haifiki huko salama. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini, na joto likikaribia nyuzi 200 klorini hiyo huchomoka pamoja na hidrojeni, ikawa gesi ya kloridi ya hidrojeni. Gesi ikishaanza kutoka huchochea nyingine itoke, kama zipu iliyoachia. Ikigusa unyevu wa macho na koo, inakuwa asidi. Na makaa mekundu yanapita nyuzi 600!

Bomba lenyewe huonyesha: linakuwa manjano, kahawia, halafu jeusi. Likishafika kahawia, plastiki imeharibika na mdomo huo usiutegemee kwenye presha. Nunua soketi ya kuungia bomba na gundi yake.

Sasa hayo maziwa. Nayasikia kila mara, kwa mafundi, kwa wachomeleaji, hata kwa watu wazima waliosoma, na yananikera kwa sababu yanampa mtu ujasiri wa kurudi kwenye moshi kesho. Maziwa yanakwenda tumboni; gesi imekwenda mapafuni. Anayekuuzia dawa ya kusafisha mapafu baada ya kazi anachukua pesa yako bure. Habari ya moshi mweusi nayo ni hivyo hivyo: weusi ni masizi, ilhali kloridi ya hidrojeni haina rangi.

Wanaoniumiza zaidi ni vijana wanaochoma nyaya wapate shaba. Ganda la waya mara nyingi ni PVC, na shaba iliyomo husaidia kuzaliwa kwa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Chuneni kwa kisu. Matairi nayo yana salfa, moshi wake hubana kifua, hasa kwa mwenye pumu. Aliyevuta moshi wa namna hii apelekwe penye hewa safi, na akiendelea kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.