Kwa nini The Good, the Bad and the Ugly haizeeki: kwangu mimi jibu ni Tuco

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wazima bado wanaisifia picha ya kauboi ya mwaka 1966 wakati wewe umeitazama nusu saa ukapitiwa na usingizi. Wengi waliokujibu hapo juu wameishia kwa Clint Eastwood, sigara yake na macho yale ya kufinyafinya. Kwa maoni yangu wanamsifia asiyehusika. Picha hii inabebwa na Tuco, yule "mwenye sura mbaya" aliyeigizwa na Eli Wallach. Ukiitazama kwa kumfuata yeye, usingizi hautakupata.

Haya nimeyaona kwa watazamaji. Miaka ya tisini nilikuwa nasimamia kibanda umiza cha shemeji yangu pale Morogoro: runinga moja, deki moja, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia. Pesa ilikuwa kwenye karate na Rambo. Kauboi tuliweka Jumapili mchana, kwa ajili ya watu wazima waliozizoea tangu enzi za majumba ya sinema. Mkanda huu ulikuwa hasara kibiashara, maana unakaribia saa tatu, na katika muda huo ningeweza kuonyesha picha mbili na kutoza viingilio viwili. Lakini nikiuruka wiki kadhaa, lazima mtu aje mlangoni kuulizia "ile ya makaburini".

Wateja wetu wengi hawakujua Kiingereza, na hapo ndipo nilipoanza kuuelewa ufundi wa Sergio Leone, mwongozaji wa picha hii, Mtaliano ambaye mwenyewe Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Kwa dakika kama kumi za mwanzo hakuna mtu anayefungua mdomo. Jangwa tupu, halafu ghafla uso wa mtu unajaza skrini nzima, vumbi na makovu na jasho. Upepo, mbwa anapita, wanaume watatu wanausogelea mlango polepole. Wanaingia kwa kasi, milio ya bastola inasikika ndani, kisha Tuco anaruka nje kupitia dirishani, bastola mkono mmoja, pande la nyama mkono mwingine. Kibanda kizima kinaangua kicheko, na jina lake bado hawajalisikia.

Picha ilipigwa zaidi Hispania, kwenye majangwa ya Almería na milima ya Burgos. Waigizaji walikuwa wanaongea kila mmoja lugha yake, sauti zikapachikwa baadaye. Ndiyo maana midomo na maneno haviendani, na kama hilo lilikukera hujakosea. Ila mtu anayejua kwamba maneno atayabandika mwishoni hawezi kuyategemea. Leone alitegemea nyuso na muziki wa Ennio Morricone, na baadhi ya muziki huo uliandikwa kabla ya kupiga picha. Ile sauti ya kama mbweha analia, ambayo hata asiyeijua picha anaijua, kila mmoja wa wahusika wakuu watatu anayo, lakini kwa chombo chake. Blondie wa Eastwood, yule "mwema", amepewa filimbi, Angel Eyes wa Lee Van Cleef, yule "mbaya", amepewa okarina, kile kifilimbi cha udongo. Tuco amepewa sauti za binadamu. Sidhani ilitokea kwa bahati.

Chunguza pia nani kati yao ana maisha. Blondie hana hata jina, hilo ni la kumwita tu, wala hujui katoka wapi. Angel Eyes anaua kwa kulipwa, basi. Tuco ndiye tunayemjua majina yake yote, maana tunasomewa kitanzi kikiwa shingoni: Tuco Benedicto Pacífico Juan María Ramírez, na orodha ya makosa yake ni ndefu mpaka unajiuliza alilala saa ngapi. Kumbuka mchongo wao: Blondie anamkabidhi kwa serikali, anachukua donge lililotangazwa, halafu anaipiga risasi kamba kwa mbali, wanakwenda kugawana. Anayeweka shingo ni Tuco. Hata kugawana wanabishania hilohilo, na mimi niko upande wake.

Sasa njoo misheni, sehemu ambayo ulikuwa tayari unakoroma. Blondie amebabuka uso kwa jua la jangwani, Tuco kampeleka kwa mapadre akatibiwe, maana Blondie anajua jina la kaburi lenye dhahabu ya dola 200,000, ambayo wote watatu wanaisaka. Kumbe padre mkuu pale ni kaka yake Tuco. Hawajaonana miaka. Tuco anajichekesha, anataka kukumbatiwa, kaka amekauka kama ubao. Anamwambia mama amekufa zamani, na baba amezikwa siku chache zilizopita. Unamwona Tuco anatafuta pa kuuweka uso wake. Kisha anajibu: kule tulikotoka, asiyetaka kufa na umaskini alikuwa padre au jambazi. Wewe ulichagua njia yako ukaondoka, mimi nikabaki na wazee, na ya kwangu ilikuwa ngumu zaidi. Wanapigana makofi, ndugu wa tumbo moja.

Blondie ameyaona yote kwa kujificha. Wakiwa kwenye gari la farasi, Tuco anaanza kumdanganya: kaka yangu ananipenda, ni mtu mkubwa, popote niendako, hata nikiwa mzururaji, bakuli la supu halitakosekana kwake. Blondie hamuumbui. Anampa sigara yake, akimwambia baada ya kula hakuna kitu kama sigara nzuri. Tuco anaitafuna ile sigara huku uso ukirudi taratibu kwenye kicheko.

Pale kibandani kulikuwa na kijana wa sekondari aliyekuwa akiwatafsiria wenzake kwa sauti, na kila mara watu walimfokea anyamaze. Kwenye sehemu ya misheni walikuwa wanamwambia aongeze sauti. Kwetu nani hana ndugu aliyetolewa nyumbani akasomeshwa, na mwingine aliyebaki na wazee halafu akaitwa mhuni?

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, upande wa New Mexico mwaka 1862, imewekwa nyuma ya hadithi kwa akili sana, ila sitakaa nayo. Tazama tu kambi ya mateka, ambako wafungwa wanalazimishwa kupiga muziki mtamu ili vilio vya anayeteswa visisikike. Anayeteswa ni Tuco, nani tena. Na lile daraja linalolipuliwa lilijengwa na kulipuliwa mara mbili: mara ya kwanza ofisa wa jeshi la Hispania aliyepewa heshima ya kulipua alilipua kabla kamera hazijawa tayari, ikabidi jeshi lilijenge upya.

Makaburini sasa. Wanajeshi wa Hispania walitengeneza maelfu ya makaburi ya uongo yakizunguka duara moja la mawe, karibu na Santo Domingo de Silos, na kuanzia 2015 watu wa kujitolea wamelifukua eneo lile, unaweza kulitembelea. Tuco anafika, anaanza kutafuta jina, anakimbia. Muziki unapanda, anakimbia zaidi, kamera inazunguka naye mpaka misalaba inageuka mistari. Hakuna anayeuawa, hakuna anayesema kitu. Ni maskini tu anakimbia kuelekea pesa, na mpaka leo nywele zinanisimama.

Kisha watatu wanasimama kwenye duara. Dakika kama tano kabla ya risasi ya kwanza: macho, mikono, macho. (Tazama mkono wa kulia wa Van Cleef, kidole cha kati kimekatika ncha. Ni chake kweli.) Siku moja umeme ulikatika hapohapo. Wateja hawakutaka kurudishiwa kiingilio, walitaka kujua nani kafa. Ikabidi nisimulie gizani. Nilipofika mahali ambapo Tuco anavuta na bastola haina kitu, kwa sababu Blondie aliitoa risasi usiku uliotangulia, nikaambiwa naongopa. Umeme uliporudi na wakajionea wenyewe, nusu ya kibanda ilimkasirikia stelingi. "Huyo ndiye mwema?" Walitoka nje wakibishana, na ubishi huo niliusikia kila mara nilipouweka mkanda ule.

Dosari zipo. Wanawake ni kama hawapo, na wachache waliopo wanapigwa au wanalia. Kuna mahali katikati panavutika bila sababu. Na mtu akiniambia For a Few Dollars More ya 1965 imeshonwa vizuri zaidi, sitabishana naye sana.

Ushauri wangu: acha kuitazamia kwenye simu, picha ya nyuso na jangwa haikai kwenye kioo cha inchi sita. Kuna toleo refu lililotoka 2003, lina sehemu zilizokuwa zimekatwa, na humo Eastwood na Wallach wameingiza sauti upya wakiwa wazee. Utasikia Tuco anabadilika sauti ghafla. Kwa mara ya kwanza tafuta lile la saa mbili na dakika arobaini na moja. Ukifika misheni bado unasinzia, basi kauboi si chako, tutakutafutia uzi wa picha za Kikorea.