Tableti ya kalamu kwa AutoCAD na SketchUp: nunua, ila mausi usiitupe

Mkuu, kama nimekusoma vizuri, unachora ramani za nyumba kutwa nzima kwa AutoCAD na SketchUp (programu za kuchorea majengo kwenye kompyuta), kiganja kinauma kwa mausi, na kuna mtu amekwambia tableti ya kalamu, yaani kibao unachokichorea kwa kalamu na mshale wa skrini ukafuata, ndiyo dawa. Mimi ni mchoraji wa ofisini, vyote viwili viko mezani kwangu. Itakusaidia, lakini faida yake kubwa haiko kwenye kuchora ukuta na mlango.

Kazi ya AutoCAD kwa sehemu kubwa ni kuandika vipimo. Ukuta wa milimita 3600 unauandika kwa kibodi, kalamu inaonyesha mwelekeo tu. Halafu kuna hesabu ya eneo. Chukulia Wacom Intuos ndogo: sehemu inayosoma kalamu ni milimita 152 kwa 95. Skrini yenye pikseli 1920 kwa upana ikilala juu yake, kila milimita ya mkono inakuwa kama pikseli 13. Osnap, ile inayonasa mshale kwenye kona na ncha za mistari, ikiwa imewashwa unafanya kazi bila shida. Ukiwa na monita mbili na draiva (programu inayoiendesha tableti) ikazitandaza zote juu ya tableti hiyohiyo, milimita moja inaruka pikseli 25, na hapo utamaliza siku unawinda kona ya dirisha. Kwenye draiva, ifunge tableti kwenye monita moja tu.

Wanaosema AutoCAD haikutengenezewa vitu hivi hawajui ilikotoka. Programu ilitoka mwaka 1982, na enzi zile maofisi yalikuwa na meza za kidijitali za kunakilia ramani za karatasi. Amri ya TABLET ya kulinganisha nukta za karatasi na za mchoro bado imo.

Sasa mipangilio. Tangu toleo la 2015, AutoCAD ukibonyeza na kuburuta inachagua kwa lasso, yaani kwa mzingo huru unaofuata mkono wako. Kwa mausi hilo halisumbui, ila ncha ya kalamu huwa inateleza kidogo kila unapogusa, kwa hiyo unataka kisanduku cha kuchagulia unapata lasso. Ingia Options, ukurasa wa Selection, ondoa tiki ya lasso. Kitufe cha chini cha kalamu kipe kazi ya kitufe cha katikati cha mausi ili usogeze mchoro, na uruhusu kibonyezwe kalamu ikiwa bado hewani. Kwenye Windows, zima ile ya kushikilia ili kupata kitufe cha kulia, maana inachelewesha kila mguso.

SketchUp haina maneno mengi: mkono wa kushoto ukae kwenye O (kuzungusha), H (kusogeza) na Z (kukuza), kalamu ivute kuta. Inaenda vizuri kuliko AutoCAD.

Utamu wenyewe uko kwenye kuchora kwa mkono. Mteja amekaa pembeni yako anasema jiko lihamie nyuma na baraza iongezwe. Ukianza kubadilisha kwenye AutoCAD palepale, anachoka kukusubiri na wewe unaharibu faili. Mimi natoa ramani kama picha, naifungua kwenye Krita (programu ya bure ya kuchora kwa mkono), naipunguza rangi mpaka ififie, naweka tabaka jipya juu yake na kuchora mabadiliko kwa kalamu nyekundu huku anaona. Akikataa, nafuta tabaka, ramani haijaguswa. Akikubali, picha inarudi AutoCAD kwa amri ya IMAGEATTACH, naipanga kwa amri ya ALIGN kwa kushika kona mbili za ukuta ninaoujua urefu wake, kisha nachora juu yake kwa vipimo halisi. Na hapo nachora kwa mausi, sioni aibu kusema. Kubadilishana huko ndiko kulikokipa nafuu kiganja changu, maana hakuna kifaa kinachoshikwa kutwa nzima.

Kwa mandhari ya nje ya nyumba, Krita ina rula za mtazamo: unaweka nukta mistari inapokutana, na kalamu yako inaifuata. Ila kwanza washa kwenye draiva chaguo la kulinda uwiano. Tableti ile ni 16:10, skrini nyingi ni 16:9. Usipofanya hivyo duara la mkono linatanuka upande kwa asilimia 11 hivi. Utapoteza kipande kidogo cha eneo, kiache kipotee.

Kuhusu kununua, sikushauri uanze na ile yenye skrini. Ni ghali, unainama shingo, na nyingi zinataka umeme wa ukutani. Ukikatika, laptopu inaendelea na tableti inalala. Isiyo na skrini inajitosheleza na waya wa USB. Ukipata nafasi chukua ya kati, milimita 216 kwa 135. Huion na XP-Pen zinafanya kazi hii bila tatizo, na usihangaishwe na viwango vya mkandamizo (jinsi kalamu inavyohisi nguvu ya mkono) vinavyotangazwa, kwa kazi yetu 4096 vinabaki.

Ukinunua ya mkononi kule Kariakoo, dai kalamu yake yenyewe na uijaribu palepale, kwa sababu kalamu ya kampuni nyingine kwa kawaida haisomi. Uliza pia ncha za akiba, zinalika. Na kama kompyuta yako ilishawahi kufungwa draiva ya tableti nyingine, iondoe kwanza kabla hujaweka mpya, zinagombana. Ukikwama tupia hapa picha ya mipangilio yako tuiangalie.