Setilaiti "dhidi ya" mirija ya Ngamiani

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wangu wa klabu ya sayansi wametundika mirija ya kunasa gesi ya naitrojeni dayoksaidi kwenye nguzo za Ngamiani na karibu na bandari, ili waione pamoja na takwimu za setilaiti. Bango lao linasema: "Kuhakiki vipimo vya setilaiti dhidi ya vipimo vya ardhini." Mwenzangu wa Kiswahili anadai sentensi imepinda, ila hanielezi wapi. Imepinda wapi?

Jibu: Mwalimu, mwenzako hakukosea.

Nianze na "dhidi ya". Hiyo hubeba ushindani: Coastal Union dhidi ya Yanga pale Mkwakwani, chanjo dhidi ya surua, Jamhuri dhidi ya fulani. Mirija yenu haina ugomvi na setilaiti. Matumizi haya yameingia kwa mlango wa Kiingereza, na kwenye habari za fedha ("shilingi dhidi ya dola") nimeshachoka kuyapinga. Kwenye bango la wanafunzi bado napinga.

Tuweke nini basi? Hapo sarufi inataka kwanza kujua mmepima nini. Kuhakiki ni kupima jambo kwa kigezo unachokiamini zaidi, hivyo huhakikiwa kitu kwa kitu. Kulinganisha ni kuweka viwili sambamba, kitu na kitu, bila kutangulia kusema kipi ndicho hakimu. Wataalamu wanaohakiki kifaa cha TROPOMI, kilichomo kwenye setilaiti ya Sentinel-5P iliyorushwa mwaka 2017, hutumia vifaa vya ardhini kama Pandora, ambavyo hulielekea jua na kupima jinsi gesi hiyo inavyomeza mwanga njiani. TROPOMI nayo husoma mwanga wa jua, ila ule ulioakisiwa kurudi juu. Vyote viwili huhesabu gesi iliyo katika safu nzima ya hewa, toka chini hadi juu, kwa hiyo kimoja chaweza kuwa kigezo cha kingine. Hao waandike "kuhakiki kwa", wala sina neno.

Mirija yenu ni habari nyingine. Mrija hunasa gesi ya pale pale ulipofungwa, usiku na mchana, kwa kawaida wiki 2 hadi 4, kisha hutoa wastani mmoja. TROPOMI hupita karibu saa 7:30 mchana, na wingu zito likitanda haioni kilicho chini yake. Kipande kimoja cha picha yake, hata kile kidogo kabisa, kina kilomita 3.5 kwa 5.5: kinaweza kuchukua Ngamiani, bandari na bahari ya jirani, vyote vikapewa namba moja. Ndiyo maana gesi ya ekzosi za malori inaweza kuonekana nyingi kwenye mrija na kidogo kwenye setilaiti, na pasiwe na aliyekosea. Hapo hamhakiki. Mnalinganisha.

"Vipimo vya ardhini" nayo ina kasoro. Msomaji akiona "vipimo" na "ardhi" zimekaa pamoja, wa kwanza kumjia akilini ni mpima viwanja. Mwingine atadhani mmechimba udongo. Semeni mrija ulipofungwa: mitaani.

Na "vipimo vya setilaiti" yaweza kueleweka kama vipimo vya suruali kwa fundi, yaani urefu na upana wa setilaiti yenyewe. Wengi watawaelewa, lakini bango halina mtu wa kusimama pembeni kulifafanua.

Mimi ningeandika: "Kulinganisha naitrojeni dayoksaidi iliyopimwa kutoka kwenye setilaiti na ile iliyonaswa kwa mirija mitaani Tanga." Nimesema "kutoka kwenye" kwa makusudi. Mkiandika "iliyopimwa na setilaiti na ile", mtakuwa na "na" mbili zenye kazi tofauti, moja ya mtendaji na moja ya ulinganishi, na anayesoma bango akiwa amesimama itambidi arudie.